Bibi wa Banda: Mshike Kwanza, Ndipo Umsifu

Wanangu na wajukuu zangu wa bandani, kapu la barua limefurika tena. Nimezisoma zote, miwani puani, na nyingi zinauliza jambo moja kwa mishono tofauti: kuku yupi abaki kuzaa, yupi aondoke? Nimechagua saba. Mlioniuliza dawa za kuhara nendeni kwa daktari wa mifugo. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Ninachokijua ni umbo.

Shikamoo Bibi. Nina vifaranga 42 wa Rhode Island Red wa damu ya zamani, si wale wa kibiashara wa siku hizi. Wana wiki 9. Kuna pora mmoja, jogoo mchanga, ameshakuwa na upanga mwekundu kichwani na anatembea kama afisa. Wenzake wamezubaa tu, wengine hata mgongo haujafunikwa manyoya. Nataka huyo awe baba wa banda, mapora wengine niwachinje mapema niokoe chakula. Nimepatia? – Mwenye Pora Mwekundu

Marahaba mwanangu. Kisu kirudishe kabatini.

Huyo afisa wako namfahamu, nimewahi kuwa naye. Miaka ya mwanzo, nikishona mchana na kulisha kuku jioni, nilimwacha pora wa namna hiyohiyo na ndugu zake nikawachinja walipofika wiki 14. Mmoja wao alikuwa mrefu, miguu minene, amekaa kama mgonjwa. Nilipokuwa namnyonyoa nikamwekea mkono mgongoni. Vidole vyangu vinne vikalala bega hadi bega na nafasi ikabaki. Nikanawa, nikaenda bandani kumshika yule niliyemsifu. Vidole vitatu, basi. Alipofika miezi saba alikuwa palepale, mzuri wa kupigwa picha, mwembamba kama mkanda. Baba wa banda nilikuwa nimemla.

Pora anayewahi kuwa mwekundu upanga anawahi kubalehe, na aliyebalehe mapema hawi na haraka tena ya kukuza mifupa. Kuku hawa wa zamani ni watu wa mwendo wa pole. Shirika la Marekani la Livestock Conservancy, linalolinda mifugo inayopotea, linataka kuku anayeitwa wa urithi asifikie uzito wa kuchinjwa kabla ya wiki 16, ajamiiane mwenyewe bila msaada wa mtu, tetea azae miaka 5 hadi 7 na jogoo aitumikie kazi yake miaka 3 hadi 5. Ukimchagua wa haraka kila kizazi, baada ya vizazi vichache una kuku mwingine kabisa aliyevaa rangi ya Rhode Island Red.

Kwa wiki 9 wewe huna mamlaka ya kuchagua mzuri. Una mamlaka ya kuondoa mbovu tu. Wapange mezani mmoja mmoja, kichwa hadi kidole: mdomo uliopishana, mkia uliolalia upande mmoja, vidole vilivyopinda, kidole cha nyuma kilichogeukia mbele, kijimeno kinachochomoza ubavuni mwa upanga, kinyoya kinachoota mguuni mahali pasipotakiwa nyoya. Hicho cha mwisho kitafute kwa makini katikati ya vidole, huwa kidogo kama uzi. Hao waende. Nadhani utabaki na 30 na kitu. Wapime wote kwa mizani, andika, halafu waache wale na wakue.

Wiki ya 16 hadi ya 20 ndipo mikono ianze kazi. Wakamate usiku wakiwa wamelala, taa ndogo, usipige kelele. Ninavyofanya mimi: mkono wa kushoto unaingia chini ya kidari, miguu inakaa katikati ya vidole, kichwa kinaelekea kwapani kwangu. Mkono wa kulia unaanzia mabegani na kuteremka taratibu kuelekea mkiani. Mgongo uwe mpana mwanzo, uendelee kuwa mpana. Kuku wengi huanza vizuri mabegani halafu wakafika kiunoni wamebana kama suruali ya kijana. Rhode Island Red atakiwa awe kama tofali refu lililolazwa, mgongo umenyooka usawa. Kisha teremka ubavuni, upime kwa kiganja kina cha kifua pale moyo ulipo, maana ndipo pumzi inapokaa. Ishia kwenye mfupa wa kidari: uwe mrefu, umenyooka, haujapinda kama herufi S. Kwa tembe, yaani jike mchanga, pima pia nafasi kati ya mifupa miwili ya nyonga. Tembe ambaye hajataga atakuwa amebana, lakini anayebana kuliko wenzake wote muwekee alama.

Fanya yote hayo bila kutazama rangi. Ukiweza, fumba macho. Kwenye cherehani tulikuwa tukisema kitambaa kizuri hakiokoi mkato mbovu, na sijaona mahali panapothibitisha neno hilo kama banda la kuku. Rangi inarekebishika kwa vizazi viwili vitatu. Mgongo mwembamba nimehangaika nao miaka 9.

Rangi iangalie kuanzia mwezi wa 6 au 7, wakishavaa manyoya ya utu uzima. Usitosheke na juu. Mpulizie kiunoni manyoya yafunguke uone shina lake: kwa Rhode Island Red liwe jekundu hadi chini. Ukiona kijivu kama majivu ya sigara, hilo ni doa, na lina tabia ya kurudi kwa wajukuu. Weusi bawani na mkiani ni sehemu yake ya haki, usimwonee. Masikio yawe mekundu. Weupe mgumu kama enameli ya sahani humtoa mashindanoni.

Uzito wa kitabu cha viwango cha Marekani, kile waamuzi wa maonyesho wanachokifuata, ni kilo 3.9 hivi kwa jogoo aliyepita mwaka, 3.4 kwa pora, 2.9 kwa tetea na 2.5 kwa tembe. Katika vifaranga 42 mimi ningebaki na majogoo wawili na matembe watano au sita. Najua inauma. Na mmoja wa hao majogoo nina hakika atatoka kwenye kundi la waliozubaa.

Nikuongezee kidogo maana leo nina maneno. Rhode Island Red hawakutengenezwa na wataalamu. Ni wakulima wa pwani ya Little Compton, jimbo la Rhode Island huko Marekani, katika karne ya 19, waliochanganya kuku wao na majogoo mekundu ya asili ya Asia wakitaka mayai na nyama, na walichinja kilichowashinda. Na ndugu yake wa karibu, Buckeye, aliasisiwa na mwanamke wa Warren, Ohio, Nettie Metcalf. Buckeye akaingia kwenye kitabu cha viwango mwaka 1904. Nikichoka humkumbuka huyo mama.

Bibi, jogoo wangu ana umbo zuri ila ubavuni mwa upanga kuna kijimeno kimoja cha ziada. Rafiki ameniambia nikikate kwa wembe, kikipona hakuna atakayejua. – Mtu wa Haraka

Wembe ni wa kitambaa. Mwamuzi mzoefu hupitisha kidole ubavuni mwa upanga, na kovu halijifichi kama unavyodhani. Kufanya hivyo ni udanganyifu unaokutoa mashindanoni wewe na kuku wako. Hata usipokamatwa, umekata nyama, hujakata damu. Watoto wake watakuja na vijimeno hivyohivyo na wembe wako utakwisha makali. Mle.

Shikamoo Bibi wa Banda. Nilinunua kwa mfugaji anayeshinda maonyesho kuku wa Plymouth Rock wa mistari, jogoo na tetea wawili, wote wamepata zawadi. Watoto wao wamenivunja moyo: mapora wamepauka, matembe wamekuwa weusi weusi. Nimeuziwa mbegu mbovu? – Aliyevunjika Moyo

Marahaba. Hujauziwa mbegu mbovu. Umeuziwa bwana na bibi harusi ambao hawakupaswa kuoana.

Sikiliza, hapa pana hesabu kidogo. Jeni ya mistari inakaa kwenye kromosomu ya jinsia. Jogoo ana kromosomu hizo mbili, tetea ana moja. Kwa hiyo jogoo halisi wa mistari amepakwa mara mbili, kila mstari mweupe unakuwa mpana zaidi, na anaonekana amefifia kuliko dada yake wa tumbo moja. Ndiyo maana hata wakiwa vifaranga wa siku moja, doa jeupe la kichwani huwa kubwa na limetawanyika kwa dume, dogo na limekusanyika kwa jike. Lakini mezani pa mwamuzi jogoo na tetea hutakiwa wafanane. Maumbile hayajakubaliana na kitabu, na kitabu hakijakubali kushindwa tangu 1874, toleo la kwanza kabisa, ambamo Plymouth Rock walikuwemo tayari.

Wafugaji wa zamani walitatua kwa kufuga koo mbili. Banda la kwanza ni la kuzalisha majogoo ya maonyesho: humo unaweka jogoo mwenye rangi ya kitabu na matetea waliokolea, weusi kuliko kitabu. Mabinti wa banda hilo hawaendi popote kushindana, wanabaki kuwa mama wa majogoo. Banda la pili ni la kuzalisha matetea ya maonyesho: humo tetea ndiye mwenye rangi ya kitabu na jogoo ni yule aliyepauka kuliko kitabu. Yule jogoo aliyefifia ambaye mgeni angemcheka ndiye baba wa mabingwa.

Jogoo wako alitoka banda la kwanza, tetea wako banda la pili. Ulipowachanganya, kila kimoja kikarudi kwenye maumbile yake. Mrudie mfugaji huyo umwombe, kwa adabu, dada zake jogoo wale weusi. Akiwa mwungwana atakupa bila wasiwasi, kwa maana hao hawamsaidii mezani. Kama huna nafasi ya mabanda mawili, chagua moja, ufuge majogoo au matetea, usijaribu yote kwenye uzio mmoja.

Jambo la mwisho kwako: kifaranga wa ukoo wa maonyesho anachelewa kuota manyoya. Usimtupe kwa hilo. Nyoya linaloota polepole ndilo linalotoa mstari mwembamba wenye ukingo mkali. Linaloota mbiombio huwa na mistari iliyochafuka, kama rangi iliyomwagikiwa maji.

Bibi, nina Wyandotte wa upanga wa waridi, ule mpana ulalao kichwani. Kila msimu katika vifaranga 20 wananitokea watatu wanne wenye upanga wa kusimama, wa meno kama msumeno. Jirani anadai banda langu limeingiliwa na jogoo wa mtu. – Anayetuhumiwa

Mwambie jirani apunguze maneno. Upanga wa waridi una nguvu juu ya ule wa msumeno, kwa hiyo kuku anaweza kuonekana wa waridi huku ameficha msumeno ndani. Wakikutana wawili wenye siri hiyo, katika watoto wanne mmoja hutoka na msumeno. Hesabu yako ya watatu wanne kati ya 20 ni hiyohiyo, na bahati imekupendelea kidogo.

Utasema, basi nitawafyeka wote wenye siri nibaki na wa waridi mtupu. Ngoja. Wafugaji wa Wyandotte wamelalamika tangu zamani kwamba majogoo wao mayai hayashiki vizuri, na mwaka 2012 watafiti wa jeni walionyesha sababu: badiliko lilelile linalotengeneza upanga wa waridi huharibu jeni nyingine, na jogoo aliyelirithi kwa baba na kwa mama mbegu zake huogelea kwa uvivu. Jogoo mwenye siri ya msumeno hana shida hiyo. Akiwa banda moja na mwenzake wa waridi mtupu, watoto wengi watakuwa wake, na ndiyo maana hiyo misumeno haijafutika miaka yote hii licha ya visu vyote.

Mimi siwafyeki. Tembe wa msumeno akiwa na umbo la Wyandotte kamili, duara, mifupa mizuri, namwacha bandani kama mama. Hatakwenda maonyesho, lakini mapora wake watakuwa na rutuba.

Ukitaka kujua jogoo fulani anaficha au hafichi, mweke na tetea wa msumeno peke yao. Kifaranga mmoja tu wa msumeno akitokea, umejua. Wakitokea saba mfululizo wote wa waridi, kama angekuwa anaficha, uwezekano wa kupata saba hao ungekuwa 1 kati ya 128, na mimi hapo huwa nalala usingizi. Ila kabla ya jaribio hilo mtenge tetea na jogoo mwingine yeyote kwa wiki 3, kwa sababu tetea huhifadhi mbegu za mume wa zamani mwilini. Nimewahi kumlaumu jogoo asiye na hatia kwa kusahau hili.

Shikamoo mama. Nina jogoo mmoja na matetea wanne wa ukoo mmoja niliopewa na mzee aliyeacha kufuga. Kila mtu ananiambia nilete jogoo mpya kila mwaka la sivyo nitazaa vilema. Wewe unasemaje? – Mrithi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa urithi huo.

Kila mtu amekosea nusu. Kuleta jogoo mpya kila mwaka ni kufumua kila mwaka nguo uliyoshona mwaka uliopita. Mzee yule alikaa miaka na miaka akiwafananisha kuku hao. Nilifanya ujinga huo wakati mmoja: nikaleta jogoo kutoka kwa mfugaji mwenye jina, jogoo wa kumwita jirani aje aone. Kizazi cha kwanza kilipendeza mno, nikawa najigamba. Kizazi cha pili mshono ukafumuka. Masikio meupe, mashina ya manyoya kijivu, migongo mirefu na mifupi ndani ya kiota kimoja. Miaka minne nilikuwa nachinja tu nirudi pale nilipokuwa. Jogoo hakuwa mbaya kwao. Alikuwa ameshonwa kwa kipimo kingine.

Nusu waliyopatia ni hii: damu ikikaribiana sana kuku hudhoofika. Mtoto wa kaka na dada, au wa baba na binti, anaongezewa asilimia 25 ya kile wataalamu wanachokiita mgawo wa undugu. Wa nusu-ndugu ni 12.5, wa binamu wa kwanza 6.25. Dalili haianzi na vilema. Inaanzia kwenye daftari: mwaka huu mayai 12 yametoa vifaranga 10, mwakani 8, mwaka wa tatu vifaranga wamekamilika ila wamefia ndani ya ganda. Asiye na daftari haoni hadi aone banda tupu.

Kwa kuku watano fanya hivi. Msimu wa kwanza mweke jogoo na matetea wote, ila mayai ya kila tetea yajulikane. Kila kifaranga mtoboe tundu dogo kwenye ngozi ya katikati ya vidole akiwa wa siku moja. Ana nafasi nne za kutoboa, mbili kila mguu, na ukichanganya unapata alama 16 tofauti, zinakutosha. Kisha gawa mabinti katika koo tatu kufuata mama zao, uwavishe pete: nyekundu, kijani, buluu. Tangu hapo binti hahami. Anabaki kwenye ukoo wa mama yake maisha yote. Anayehama ni kijana wa kiume: wa nyekundu anakwenda kijani, wa kijani anakwenda buluu, wa buluu anakwenda nyekundu. Kila mwaka hivyohivyo, bila kubadili mwelekeo. Kwa mzunguko huo, ukiangua wengi na kuchagua kwa ukali, utakaa miaka mingi bila kugonga hodi kwa mtu.

Siku daftari likikuambia damu mpya inahitajika, usilete jogoo. Lete tetea, ikiwezekana kutoka kwa mtu ambaye kuku wake walitoka kwa mzee yuleyule. Jogoo mgeni anapaka banda zima kwa msimu mmoja. Tetea mgeni anaharibu kiota chake tu. Mtenge siku 30 mbali kabisa na wako, uangalie afya. Kisha mpe jogoo wako kwenye uzio wa pembeni, uone watoto, uone na wajukuu. Wajukuu wakikupendeza, ndipo wafungulie mlango.

Bibi, napenda kuku kidimu, wale wa manyoya yaliyojikunja. Nimewapandisha kidimu kwa kidimu nipate waliojikunja zaidi. Baadhi wametoka karibu uchi. – Mpenda Kidimu

Umepata ulichoomba. Jeni ya kidimu ikiingia mara moja inakunja nyoya vizuri. Ikiingia mara mbili nyoya linakuwa kama waya, linakatika, kuku anabaki ngozi. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, robo watakuwa hao. Mpandishe kidimu kwa ndugu yake wa manyoya laini: nusu watatoka kidimu safi, nusu laini, na hakuna wa kumwonea huruma. Hao walio uchi wape joto, usiwazalishe. Na yule ndugu laini mchague wa nyoya pana na imara, kwa sababu nyoya hafifu halikunjiki likapendeza.

Shikamoo Bibi. Mwezi ujao naenda maonyesho kwa mara ya kwanza na tetea mweupe. Nimwoshe? Na siku gani? – Mgeni wa Maonyesho

Marahaba mjukuu wangu. Mwoshe, siku mbili au tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Nyoya linahitaji muda lirudishe mafuta yake na lijipange.

Lakini kwanza, tangu leo, mtazame mabawa na mkia. Nyoya lililovunjika ukiling'oa sasa huchukua wiki 6 hadi 8 kuota tena, kwa hiyo umechelewa, liache. Mwondoe kwenye jua kali pia, maana jua hugeuza weupe kuwa njano ya shaba, na hiyo haioshwi. Tazama chini ya mkia na kwapani kama kuna chawa au utitiri. Mwamuzi akiona mdudu anatembea mkononi mwake, anaosha mikono na wewe umekwisha.

Siku ya kuosha weka karai tatu za maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto. La kwanza lina sabuni laini, la pili lina siki kidogo ya kukata sabuni, la tatu maji matupu. Mteremshe polepole, kiganja kimoja juu ya mabawa yasipige, kichwa juu ya maji daima. Usimkimbize. Dakika ya kwanza atahangaika, ya pili atashangaa, ya tatu wengine hufumba macho. Nimewahi kuwa na mmoja aliyelala kabisa, shingo imelegea kwenye kifundo cha mkono wangu, nikadhani nimemuua. Sugua kufuata nyoya linakolalia, kutoka shingoni kwenda mkiani, kamwe usirudi nyuma. Miguu sugua kwa mswaki mlaini, na uchafu ulio chini ya magamba utoe kwa kijiti cha meno ukielekea vidoleni. Suuza hadi maji yatoke safi, halafu suuza tena, maana sabuni iliyobaki hugandisha manyoya kama nguo iliyopigwa wanga kwa mtu asiyejua pasi. Mfunge taulo, mkaushe mahali pa joto pasipo upepo, kisha mlaze kwenye tundu lenye maranda mapya.

Jambo ambalo wageni hulisahau ni mazoezi. Wiki mbili kabla, mweke kila siku muda kidogo kwenye tundu linalofanana na la maonyesho. Mguse kwa kijiti taratibu ili ajifunze kusimama badala ya kujikunyata ukutani. Mtoe kichwa kikitangulia, mkague bawa, mrudishe kichwa kikitangulia vilevile, ili bawa lisikwame mlangoni likavunjika. Mwombe na mtu mwingine amshike, mwenye sauti nzito kama yupo, maana kuku aliyezoea mikono ya nyumbani pekee hushtuka akishikwa na mgeni mwenye koti refu.

Asubuhi ya siku yenyewe pitisha kitambaa chenye tone la mafuta kwenye upanga na miguuni, tone tu, usimfanye akang'aa kama chapati. Kisha ondoka karibu na tundu lake. Ukisimama hapo atakuwa anakuangalia wewe, shingo imegeuka, na mwamuzi hataliona umbo lake.